Maziwa Yaliyochangwa ni Tiba, na Bima Iyalipie

(Hotuba hii niliitoa jijini Nairobi mbele ya kikao cha wauguzi, wakunga, wahudumu wa afya ya jamii na wazazi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Itifaki ikiwa imezingatiwa, mabibi na mabwana. Wauguzi wenzangu na wakunga mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja bila kulala. Wahudumu wa afya ya jamii. Na ninyi wazazi ambao watoto wenu walizaliwa kabla ya siku zao: hamjambo?

Nimepewa nafasi hii nizungumzie lishe ya watoto wachanga walio mahututi, mada ambayo ni pana kuliko muda tulio nao, kwa hiyo naomba ruhusa yenu niichukue sehemu moja tu na kuing'ang'ania. Sehemu yenyewe ni hii: daktari anapoandika kwamba mtoto njiti apewe maziwa ya mama mwingine kwa sababu ya mama yake hayapatikani, anaandika tiba, na tiba aliyoandikiwa mgonjwa aliyelazwa ni ya kulipiwa na bima. Isitegemee ufadhili. Isitegemee huruma. Isitegemee kama baba wa mtoto ana pesa mfukoni usiku huo.

Ninamzungumzia mtoto gani? Simzungumzii mtoto wa kilo tatu na nusu anayeweza kushika titi akavuta mwenyewe; maziwa ya huyo yapo kifuani mwa mama yake, na kazi yetu ni kumsaidia mama anyonyeshe. Namzungumzia mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 28 au ya 30, mwenye gramu 1,000 au 1,200, ambaye bado hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, na ambaye analishwa kwa mrija uliopitishwa puani hadi tumboni. Namzungumzia pia mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, na yule ambaye mama yake amefariki dunia, au amelazwa mahututi, au anatumia dawa za saratani zisizomruhusu kunyonyesha. Ni watoto wachache. Hilo mlishike, kwa sababu nitalirudia tutakapofika kwenye hesabu.

Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mama aliletwa usiku akiwa na kifafa cha mimba. Alifanyiwa upasuaji, mtoto akatoka na gramu 1,150, naye mama akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hajitambui. Asubuhi yake nyanyake mtoto alisimama mlangoni mwa wodi yetu akiwa ameshika kopo la maziwa ya unga ambalo alikuwa ametumwa kulinunua kwenye duka la dawa nje ya lango. Aliniuliza, "Daktari, hili litamtosha siku ngapi?" Mimi si daktari, lakini kwa wazee wetu kila aliyevaa sare ni daktari. Nilichukua bomba la sindano nikamwonyesha kiasi chenyewe: mililita 2, kila baada ya saa mbili. Mililita 24 kwa siku nzima. Nyanya yule alilitazama bomba, akalitazama kopo, kisha akauliza swali ambalo nimekuwa nikilibeba tangu siku hiyo: "Kwani hospitali nzima hii hakuna mzazi mwenye matone hayo?"

Walikuwepo. Katika wodi ya waliojifungua, ghorofa moja chini yetu, walikuwepo akina mama ambao maziwa yalikuwa yakiwalowesha leso. Kilichokosekana ni njia salama ya kuyachukua kule na kuyafikisha kwetu.

Siku ya tatu tumbo la mtoto lilianza kujaa na kung'aa, na kila tulipovuta kwa mrija kuona kilichobaki tumboni, kilitoka kikiwa na rangi ya kijani. Ninyi mnaofanya kazi katika vitengo hivi mnajua ninachokisema. Ugonjwa huo madaktari wanauita NEC: utumbo wa mtoto huvimba, sehemu yake hufa, na wakati mwingine hutoboka. Mtoto yule aliishi, lakini sehemu ya utumbo wake ilikatwa. Je, ni kopo lile lililosababisha? Siwezi kuapa, kwa maana hata watoto waliopewa maziwa ya mama zao hupatwa na NEC. Ninachoweza kusema ni kile kilichopimwa. Nchini Kanada watafiti waliwafuatilia watoto 363 waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,500, ambao maziwa ya mama zao hayakutosha. Wengine wakaongezewa maziwa yaliyochangwa, wengine maziwa ya kopo yaliyotengenezewa watoto njiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kati ya waliopewa maziwa yaliyochangwa, waliopata NEC iliyokomaa walikuwa asilimia 1.7, kati ya waliopewa ya kopo, asilimia 6.6.

Nawaomba tuwe waaminifu pia kuhusu upande wa pili. Utafiti huohuo haukuona tofauti katika ukuaji wa akili watoto walipofikisha miezi 18, na inajulikana kwamba watoto wanaolishwa maziwa yaliyochangwa huongeza uzito polepole zaidi wasipoongezewa virutubisho. Kwa hiyo anayesimama jukwaani akawaambia kwamba maziwa haya huzaa watoto wenye akili kuliko wengine, msimwamini. Maziwa haya yana kazi moja waliyoithibitisha wataalamu, nayo ni kuulinda utumbo mchanga katika wiki zile za hatari, na kwangu mimi kazi hiyo moja inatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu watoto njiti, linaweka maziwa ya mama mwenyewe mbele ya yote, na yanapokosekana linataka maziwa yaliyochangwa yafikiriwe kabla ya kopo. Katika nchi ambayo takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha watoto wachanga 21 wanakufa katika mwezi wao wa kwanza kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, je, tunaweza kulichukulia jambo hili kuwa la anasa?

Sasa nije kwenye gharama, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama. Huulizwa: kama mama ametoa maziwa yake bure, bima italipia nini?

Twende pamoja Pumwani. Hospitali ile ilianza mwaka 1926, na karibu kila familia ya Nairobi ina mtu aliyezaliwa pale. Machi 2019 ndipo ilipozinduliwa benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini Kenya na ya kwanza Afrika Mashariki, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, hospitali yenyewe, na mashirika ya PATH na APHRC. Hebu tuifuate chupa moja katika benki ya namna hiyo. Mama anayetaka kuchanga huulizwa kwanza kuhusu afya yake, dawa anazotumia, pombe na sigara, na mtoto wake mwenyewe huangaliwa kama ananyonya akashiba, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kumnyima wake ili amlishe wa mwingine. Damu yake hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini, na kaswende. Akipita, huoshwa mikono, hukamua maziwa ndani ya chombo kilichotakaswa, nacho hubandikwa namba na tarehe. Chombo huingia friza. Baadaye maziwa huyeyushwa, hupashwa moto hadi nyuzi 62.5 za Selsiasi na kushikiliwa hapo kwa dakika 30 kamili, kisha hupozwa haraka, na tone lake hupelekwa maabara kuoteshwa ili ionekane kama kuna vijidudu vilivyosalia. Vikionekana, chupa yote humwagwa. Visipoonekana, hurudi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri hadi daktari atakapoyaandika.

Nani analipa kipimo cha damu? Nani analipa mtaalamu wa maabara? Nani analipa umeme wa friza na mafuta ya jenereta umeme unapokatika? Mama ametoa maziwa bure, naam, lakini usalama wa maziwa hauji bure. Damu nayo hutolewa bure na wachangiaji, na hakuna mwenye akili timamu anayesema kwamba kwa sababu hiyo Serikali isitenge pesa za kuipima, kuihifadhi na kuisafirisha.

Mpaka sasa, benki za maziwa katika nchi nyingi za Afrika zimeanzishwa na kulelewa kwa misaada. Siidharau misaada hiyo. Bila hiyo tusingekuwa na hata friza ya kuanzia. Lakini Januari 2025 sote tuliona jinsi Marekani ilivyositisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na jinsi kliniki zilivyofunga milango huku wagonjwa wakiwa wamepanga foleni. Mtoto wa gramu 1,150 atasubiri mfadhili mwingine apatikane?

Brazili walilitatua jambo hili kwa namna ambayo naipenda sana, na mtaniwia radhi nikikaa hapo kidogo. Benki yao ya kwanza ilifunguliwa Rio de Janeiro mwaka 1943. Leo wana benki zaidi ya 200 zilizounganishwa katika mtandao mmoja, mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote, nazo zimo ndani ya mfumo wa afya wa umma, ambao hauwatozi wagonjwa. Hakuna mzazi anayeletewa ankara ya maziwa. Hawakujenga mfumo huo kwa vifaa vya kifahari: wanatumia mitungi ya kioo yenye vifuniko vya plastiki, ile ya kahawa, ambayo wananchi wenyewe huipeleka benki ikatakaswa. Na katika jiji kuu, Brasília, wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuchukua maziwa yaliyogandishwa ni askari wa zimamoto. Piga picha hiyo ninyi akina mama: zimamoto wanasimama mlangoni kwako, hakuna moto, wamefuata mtungi wa maziwa. Serikali iliyoamua kwamba hiyo ni kazi halali ya zimamoto ilishaamua zamani kwamba maziwa haya ni mali ya afya ya taifa.

Turudi kwetu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF, bima ya taifa ya zamani, imetupisha, na sasa tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiye na mshahara hulipa kulingana na kipato chake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Viwango vya malipo vilipochapishwa, mama anayejifungua kwa njia ya kawaida alitengewa shilingi 10,000, na anayejifungua kwa upasuaji shilingi 30,000. Ni vizuri, na nashukuru. Lakini niambieni ninyi mnaoandika madai kila wiki: ni mstari gani unaotaja maziwa aliyoandikiwa mtoto aliyetoka tumboni kwenye wiki ya 29? Kisichotajwa hakidaiwi. Kisichodaiwa hakilipwi. Na kisicholipwa, hospitali hukiacha polepole, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu mhasibu hana mahali pa kukiandika.

Ninachopendekeza si kitu kipya duniani. Jimbo la New York, Marekani, liliweka maziwa yaliyochangwa katika bima yake ya umma ya watu wenye kipato kidogo, na likaweka mpaka unaoeleweka: mtoto awe amelazwa, awe na uzito wa kuzaliwa wa chini ya gramu 1,500 au hali nyingine inayomweka kwenye hatari kubwa ya NEC, na maziwa ya mama yake yawe hayapatikani au hayatoshi. Mpaka wa namna hiyo ndio ninaoutaka hapa. Maziwa yaandikwe na daktari, kwa mtoto aliyelazwa, kutoka benki iliyokaguliwa na Wizara, kwa muda ambao mama bado hajapata yake au mpaka utumbo wa mtoto ukomae. Yalipiwe na Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, inayosimamiwa na SHA, na kiwango cha familia katika bima hiyo kikiisha, ile Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi iliyoanzishwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iendelee hapo.

Mtasema, Serikali haina pesa. Haya, tufanye ile hesabu niliyowaahidi. Mtoto wa kilo 1.2 anapofikia lishe kamili huhitaji takriban mililita 160 kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 192. Haijazi chupa ya soda. Kwa wiki mbili nzima, tena tukijifanya kwamba kila siku alipata kiasi kamili, ambalo haliwezekani kwa sababu tunaanza na matone, hafikishi lita 3. Watoto ni wachache, kiasi ni kidogo, muda ni mfupi. Upande wa pili wa mizani weka upasuaji mmoja wa utumbo, wiki za kulazwa, dripu za lishe zinazopitia kwenye mshipa, na mtoto ambaye pengine atarudi hospitalini kwa miaka kwa sababu utumbo uliobaki haumtoshi. Hata asiyetaka kusikia habari za huruma, anayejali pesa tu, atachagua lita 3.

Kuna onyo moja ambalo lazima niliweke wazi. Bima ilipe huduma; isimlipe mama kwa maziwa yake. Machi 2017 Serikali ya Kambodia ilipiga marufuku usafirishaji wa maziwa ya mama nje ya nchi, baada ya kubainika kwamba akina mama maskini wa Phnom Penh walikuwa wakiuza maziwa yao kwa kampuni iliyoyapeleka Marekani. Pesa ikishaingia kifuani mwa mama, mtoto wake ndiye wa kwanza kulala njaa. Na nyongeza ndogo: bima hiyohiyo ilipie pampu na muuguzi wa kumfundisha mama mwenyewe kukamua kuanzia saa za mwanzo, ili dang'a yake isipotee. Benki inayofanya kazi vizuri hupunguza wateja wake yenyewe.

Sasa niseme neno kuhusu imani, kwa sababu nimeona katika mikutano mingi jambo hili likirukwa kana kwamba litaisha lenyewe. Bi mkubwa mmoja kutoka Mombasa, alipoelezwa kuhusu benki ya maziwa, alinishika mkono akasema: "Mwanangu, nia yenu ni njema. Lakini huyo aliyetoa maziwa ni nani? Nisije nikamwozesha mjukuu wangu kwa ndugu yake wa kunyonya."

Je, ni ujinga huo? Hata kidogo. Sura ya An-Nisaa, aya ya 23, inawataja mama aliyekunyonyesha na dada wa kunyonya miongoni mwa wasiooleka. Wanazuoni wenyewe hawakukubaliana: mwaka 1983 Sheikh Yusuf al-Qaradawi alitoa fatwa ya kuziruhusu benki hizi, na mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jeddah, likaamua kwamba zisianzishwe katika nchi za Waislamu. Mimi si mwanazuoni na sitawaamulia. Ninachojua ni kwamba sehemu kubwa ya hofu ya bi mkubwa yule inatokana na kuchanganya maziwa ya akina mama wengi katika chupa moja bila kumbukumbu. Hilo tunaweza kulibadilisha. Chupa moja iwe na mama mmoja. Daftari lionyeshe ni mtoto gani alikunywa ya nani, na familia zinazotaka kujuana zijuane, kwa ridhaa ya pande zote mbili. Wazazi waelezwe kwa lugha yao na watie sahihi kabla, si baada. Daftari hilo lina gharama yake, karani wake na kabati lake, na ndiyo maana nasema liingizwe ndani ya kiwango kitakacholipwa, lisiachwe kama hiari ya hospitali. Bima inayolipia maziwa bila kulipia daftari itakuwa imewafungia nje Waislamu wa Eastleigh, wa Garissa na wa Pwani yote, ilhali nao wanakatwa ile 2.75 kama sisi.

Ibara ya 53 ya Katiba yetu inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makazi na huduma ya afya. Haikusema kila mtoto mwenye zaidi ya gramu 1,500.

Wauguzi wenzangu, kwa nini nimewaambia ninyi haya badala ya kumwandikia Waziri barua? Barua tutaandika. Lakini lipo jopo linalomshauri Waziri kuhusu huduma zinazolipiwa na viwango vyake, na jopo hilo halitasoma hotuba yangu. Litauliza ni watoto wangapi, kwa siku ngapi, kwa mililita ngapi. Majibu hayo anayo nani? Hayapo ofisini. Yapo kwenye chati zilizoning'inia kwenye inkubeta zenu, na kila mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani chati hukunjwa ikawekwa stoo.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu, katika kila kitengo, zamu inapokabidhiana iandikwe: watoto wa chini ya gramu 1,500 waliopo, waliokosa maziwa ya mama zao katika saa 12 zilizopita, sababu ya kukosa, walichopewa badala yake, na kiasi chake, na yeyote aliyevimba tumbo. Majina yasiandikwe. Nimechapa karatasi ya mfano, ina safu sita tu, na nimeijaribu na wenzangu wa zamu ya usiku, ambao hawana subira na makaratasi. Wanaijaza wakiwa wamesimama. Ipo mezani karibu na mlango. Kila mkuu wa kitengo achukue nakala zake kabla ya chai, na wale wa kaunti za mbali wanipe anwani ili niwatumie. Mwishoni mwa robo mwaka tutazikusanya.

Asanteni sana. Sasa niko tayari kwa maswali, nikianza na wazazi.